Dhamana ya Dar na fundi wa Mwanjelwa

Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, kazi yangu hubadilika. Siku za kawaida wanafunzi huja kwenye steshenari yangu hapa Mbeya kuprinti tafiti, kutoa kopi za vyeti na kuskani barua za maombi ya kazi. Boom likitoka wanakuja kuulizia laptopu. Siuzi laptopu, siuzi hata kipanya, ila wanaona mashine zangu zinawaka tangu asubuhi hadi usiku na wanaamini mwenye nazo lazima ana mlango anaopitia. Swali huwa lile lile: dada, niagize mpya duka kubwa la Dar, au nichukue mtumba hapa hapa Mwanjelwa?

Wazazi nao hupiga simu kutoka Tukuyu, Vwawa, hata Ludewa. Hao ndio jibu langu huwaudhi zaidi, kwa sababu wengi wameshaamua kabla ya kuuliza. Mtoto amefaulu, basi anastahili kitu cha boksi ambacho hakijashikwa na mtu. Siwalaumu, harufu ya kitu kipya hata mimi naipenda. Lakini maboksi mengi yamefunguliwa juu ya meza yangu, na nimeona yaliyotoka ndani.

Tuanze na hilo duka kubwa lenyewe. Kwa upande wa kompyuta, maduka yenye matawi na viyoyozi, yenye vijana waliovaa fulana za rangi moja, hayajapanda huku kwetu. Yamebaki Dar na miji michache mingine. Na hata huko Dar historia yao si ya kutuliza moyo. Shoprite ya Afrika Kusini iliwauzia Nakumatt maduka yake mwaka 2014. Uchumi ya Kenya ikafunga 2015. Nakumatt nayo ikazama kwa madeni. Game, waliokuwa wakiuza majokofu, televisheni na kompyuta pale Mlimani City, walifunga mwishoni mwa 2022. Dhamana ya mtengenezaji haifi eti kwa sababu duka limefungwa, hilo nalijua. Lakini kaunta uliyoambiwa uirudie haipo tena, na wewe uliye Mbeya unaanza kumsaka wakala kwa simu.

Na tuseme kaunta ipo. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Laptopu yako ikizima ndani ya dhamana, itapita Makambako, Mafinga na Iringa, itashuka Kitonga, itapita Mikumi, itafika Dar usiku ikiwa kwenye buti la basi pamoja na magunia ya viazi. Lazima uwe na ndugu wa kuipokea stendi. Ndugu huyo ana kazi zake, ataipeleka Jumamosi, na Jumamosi upande wa matengenezo unafungwa mapema. Mwalimu mmoja mteja wangu alipitia safari hiyo. Kioo chake kilikuwa kinacheza, mara kinaonyesha, mara giza. Duka, ambalo silitaji, lilikaa nayo hadi muhula ukaisha, kisha ikarudi na karatasi iliyoandikwa kwamba imepimwa na haina tatizo. Ilipofika Uyole ilikuwa inacheza vilevile. Sidhani kama walimdanganya. Ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba kwenda kwenye kioo hukatika kidogo kidogo. Ukiweka mashine mezani bila kuigusa siku nzima, unaweza usiuone ugonjwa kabisa. Mtu aliyesimama mbele ya fundi angemwambia, "Fungua kioo nusu, uone." Karatasi iliyobandikwa kwenye boksi haikuweza kusema hivyo.

Kwa hiyo mimi dhamana naipima kwa nauli. Mwaka mmoja ulioandikwa Dar unaweza kuzidiwa na wiki mbili za mtu ninayemfikia kwa bajaji.

Halafu kuna suala la unachopata kwa pesa yako. Chukua laki saba au nane, ambayo ndiyo bajeti ya wazazi wengi wanaonipigia. Mpya ya bei hiyo huwa nyepesi, inang'aa, ina prosesa ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64 au 128. Hiyo eMMC ni jamaa wa hifadhi iliyomo kwenye simu za bei ya chini, na imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. RAM nayo mara nyingi imechomelewa. Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 64 za hifadhi na RAM ya GB 4 ndipo ikubali kukaa, maana yake mashine yako imezaliwa ikiwa imegusa sakafu. Mwanafunzi anafungua Word, kurasa tano za intaneti na darasa la Zoom, inaanza kuwaza. Mwaka wa pili anataka kuongeza RAM, anaambiwa haiongezeki. Hifadhi ikifa, inakufa na mazabodi nzima.

Kwa pesa hiyo hiyo, Mwanjelwa au Kabwe unapata ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5. Hizo ni mashine za ofisi za mwaka 2018, na zikiwa mpya bei yake ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. RAM yake inachomoka, SSD yake, yaani hifadhi, inachomoka, kibodi inabadilishwa. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja unaichomoa kwa nyuma bila hata kushika bisibisi. Kampuni nyingi za Ulaya na Marekani huzikodi kompyuta kwa miaka mitatu au minne kisha huzirudisha kwa jumla, na hapo ndipo wanapoingia wafanyabiashara. Nyingi hupitia Dubai, zinashuka Kariakoo, halafu zinatupandia huku kwa basi. Kibodi hukueleza ilikotoka. Ukiona alama ya pauni juu ya namba 3, hiyo imetoka Uingereza. Ukiona herufi zinaanza na A na Z badala ya Q na W, ilikuwa ikiandika Kifaransa. Mjerumani amebadilishana Z na Y. Mara nyingine chini yake kuna kibandiko cha namba ya mali ya ofisi kilichokwanguliwa nusu. Hicho hakinitishi. Kinachonitisha ni mashine iliyokwanguliwa kila kitu mpaka namba ya utambulisho ya kiwandani, maana hiyo imefichwa kwa sababu.

Sasa usije ukadhani ninawapigia debe wauzaji wadogo. Wapo waungwana, wapo kanjanja, na wote wamepanga meza mtaa mmoja. Kuna anayekuonyesha RAM ya GB 16 kwenye meza, ukirudi kesho kuchukua unakuta GB 8. Kuna anayepaka rangi bodi iliyochubuka na kukuambia ni mpya kabisa, ilikuwa ya maonyesho dukani. Kuna anayepokea mashine yako ina betri nzima na kukurudishia yenye betri ya mgonjwa mwingine. Mji wetu si mkubwa, sifa ya mtu hufika sokoni kabla yake, na hilo linawabana waliokusudia kubaki. Wasiokusudia kubaki hawabanwi na chochote.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasinunue wamesimama. Omba kiti. Muuzaji mwenye mali safi hakasiriki ukikaa, na anayekuharakisha amekwisha kukujibu.

Ukishakaa, anza na betri. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, kisha ufungue faili itakayotengenezwa. Humo kuna namba mbili za kuangalia: uwezo ambao betri ilitengenezwa nao, na uwezo wa sasa ikijaa. Kama ilitengenezwa kwa mWh 50,000 na sasa inajaa 22,000, umebakiwa na chini ya nusu, na bei lazima iteremke. Ila tahadhari, betri mpya za feki hujisifu kwenye ripoti. Zinaandika zimejaa hadi juu, halafu zinazima ghafla zikiwa asilimia 40. Dawa yake ni kuchomoa chaja na kucheza video nusu saa huku mkiongea bei. Nusu saa hiyo hiyo itakuonyesha feni, kwa sababu mashine iliyojaa vumbi itaanza kupiga kelele na kuchemka karibu na kibodi. (Ukinunua Juni au Julai asubuhi, baridi yetu inapunguza nguvu ya betri za lithiamu kwa muda. Usimgombeze muuzaji kwa jambo ambalo jua la saa tano litalirekebisha.)

Baada ya betri, zima na uwashe ukiwa umebonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Unaingia BIOS, kule chini kabisa kabla ya Windows. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji haijui, inuka. Ikifunguka, tafuta neno Absolute au Computrace. Huo ni ulinzi ambao kampuni huziwekea mashine zake. Umekaa kwenye BIOS yenyewe, hautoki hata ukipiga Windows mpya mara ngapi, na ukiwa umewashwa mwenye mali wa zamani anaweza kuifunga mashine akiwa mbali. Kwa MacBook swali ni iCloud. Iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine ni sinia la aluminiamu, kulia ugali utaweza, kuandikia tafiti hapana.

Mengine ni macho tu. Skrubu zilizochubuka vichwa zinasema mashine imefunguliwa na mtu mwenye haraka. Bawaba inayolia ukifungua kioo itapasua plastiki kabla ya mwaka. Jaribu kila tundu la USB kwa flashi yako, jaribu kamera, bonyeza vitufe vyote hata vile usivyovitumia.

Vile vibandiko vidogo vyenye tarehe juu ya skrubu, "ukikichana dhamana imekufa", vina hadithi yake. Marekani wana sheria ya dhamana ya mwaka 1975 inayomzuia mtengenezaji kukunyima dhamana kwa sababu tu umetengenezesha kwa fundi wa nje, na mwaka 2018 tume yao ya biashara, FTC, iliziandikia kampuni kadhaa kuzionya juu ya masharti ya aina hiyo, vibandiko vikiwemo. Huku kwetu kibandiko bado kina heshima yake yote, na wadogo wanakipenda kuliko wakubwa. Nilikuwa nakiona kama ujanja. Fundi wangu wa Mwanjelwa akanieleza upande wa pili: kuna wanunuzi wanaochukua mashine nzima, wanahamisha SSD nzuri kwenda kwenye mashine yao mbovu nyumbani, halafu wanairudisha wakisema imekufa yenyewe. Duka kubwa linaweza kumeza hasara hiyo. Mtu mwenye laptopu sita mezani hawezi. Kwa hiyo kibandiko cha muuzaji mdogo naweza kukivumilia, mradi aandike kwenye risiti kinalinda nini na kwa siku ngapi.

Kwenye matengenezo ndiko tofauti inakuwa kubwa zaidi. Mvua za masika zilizopita umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Mashine yangu ya kaunta ikagoma. Haikuonyesha taa wala feni. Nilipiga simu kwa wakala wa Dar, na yule dada alikuwa mkweli na mstaarabu: dalili hizo kwao ni kubadilisha mazabodi nzima, na bei aliyonitajia ingenunua mtumba mwingine na chenji ikabaki. Kazi yao imepangwa hivyo. Wanapokea kipande kizima kutoka kwa mtengenezaji, wanafunga, wanapima, wanapokea inayofuata. Mtu wa kuinamia bodi moja nusu siku akitafuta kosa hayumo kwenye mpango wao, hata kama ujuzi anao.

Kwa fundi wangu muda wa kuinamia bodi ndio kitu kilichojaa. Alifungua, akashika mita, akaanza kufuata njia ya umeme kutoka kwenye tundu la chaja. Akakuta laini moja imegusana na ardhi ya umeme, yaani imepiga shoti. Akapitisha umeme mdogo kwenye laini hiyo na kuweka tone la spiriti juu ya vijidude vyake. Pale spiriti ilipokauka haraka kuliko kwingine ndipo penye joto, na penye joto ndipo penye kosa: kapasita moja ndogo kuliko punje ya mchele. Akaitoa kwa bloa, akachukua nyingine kwenye bodi iliyokufa aliyoihifadhi kwenye ndoo, akachomea. Mashine ikaamka. Alinilipisha pesa ambayo kwa Dar isingefikia hata gharama ya uchunguzi pamoja na kifurushi cha basi.

Ile ndoo ya bodi zilizokufa ndiyo stoo yake ya vipuri, na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Kipuri cha mtengenezaji hana. Kioo atakachokufungia kimetoka kwenye mashine nyingine, betri atakuagizia Kariakoo na hakuna anayejua kiwanda chake. Kwa hiyo mashine yangu mpya ikiwa bado ndani ya dhamana na ugonjwa ni kioo au betri, naituma Dar nikiwa nanung'unika. Dhamana ikiisha, siulizi tena mtu, naenda Mwanjelwa. Na simpi laptopu fundi anayeniambia tatizo kabla hajaifungua. Hao ndio wanaokupigia Windows kwa kila ugonjwa, hata mashine ambayo haiwaki, na wanafuta picha zako bila kuuliza.

Nikitaja picha, diski yenye kazi za wateja huwa naichomoa kabla ya kuacha mashine popote, kwa mkubwa au mdogo. Watu huwaogopa mafundi wa vichochoroni tu. Geek Squad ni kitengo cha matengenezo cha Best Buy, mnyororo mkubwa wa Marekani, na nyaraka zilizotoka mwaka 2018 baada ya EFF, shirika la kutetea haki za watumiaji wa mtandao, kwenda mahakamani zilionyesha kwamba FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, iliwahi kuwalipa baadhi ya mafundi wake kwa taarifa za yaliyomo kwenye kompyuta za wateja. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini bisibisi inafanya kazi haraka kuliko sheria. Kama diski haichomoki, hamisha vitu vyako kwanza.

Risiti ni jambo linalonipa shida na watu wangu wa sokoni. Duka kubwa hukupa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, bila kuulizwa. Mdogo anakuambia, "Mama, ukitaka risiti bei inapanda." Najua VAT ni asilimia 18 na najua kwa nini anasema hivyo. Lakini sheria inamtaka muuzaji atoe na mnunuzi adai, na zaidi ya hapo, mkizozana ile karatasi ndiyo itakayosema ulinunua nini, kwa nani, lini. Bila hiyo hata ukienda Tume ya Ushindani utakuwa unasimulia tu. Mimi huomba namba ya utambulisho ya mashine iandikwe kwenye risiti hiyo hiyo, pamoja na ukubwa wa RAM na SSD. Wanaonijua sasa wanaandika kabla sijasema. (Shule na halmashauri hazina hata nafasi ya mjadala huu. Tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamia mfumo wa NeST, na muuzaji wa laptopu sita mezani kwa kawaida hayumo humo.)

Kuna tahadhari ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda wa marekebisho ya usalama. Windows 11 kwa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ofisi za nje zimezitupa kwa wingi zile za kizazi cha 6 na cha 7, na ndiyo sababu EliteBook 840 G3 zimejaa mezani kwa bei inayokufanya utabasamu. Ni mashine imara, nami ninayo moja ya kuprintia, ila haina nafasi kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Ukionyeshwa inatumia Windows 11, imeingizwa kwa kuruka ukuta. Kwa kuandikia tu, ichukue kwa bei ya chini, au umwambie fundi akuwekee Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Kwa mtoto anayeanza mwaka wa kwanza, ongeza laki moja au mbili uchukue kizazi cha 8. Kwenye jina la prosesa tazama tarakimu za baada ya i5: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8.

Kwa mlio Makete, Chunya au Ludewa, ambako hata Mwanjelwa ni safari: msinunue kwa picha za WhatsApp zilizopigwa zikiwa nne kwenye fremu moja. Mwambieni muuzaji arekodi video moja isiyokatwa, inayoanza kwenye namba ya utambulisho chini ya mashine, iende kwenye ripoti ya betri, iende BIOS, imalizikie kwenye Windows. Pesa iende kwenye lipa namba yenye jina la duka, siyo namba ya mtu. Na mkimtuma ndugu aliyeko Mbeya akaikague, mpeni kabisa nauli ya bajaji na hela ya chai, kwa sababu atakaa pale si chini ya saa moja.